Kulia Iko Kaze

Kiberiti kilikuwa roli. Glasi ya chai ilikuwa gari letu, na sahani katikati ya meza ilikuwa kipilefti cha Mwanza.

Baba yangu, Ilyasi, aliendesha maroli miaka thelathini, na mimi ndiye niliyejifanya mwalimu wake. Kesho yake tulikuwa tuvuke mpaka wa Rusumo kwenda Tanzania, kwenye harusi ya mpwa wake. Daftarini nilikuwa nimeandika sheria za kwetu na za kwao: bima, mwendo wa mijini, pembetatu za kuweka gari likiharibika. Yote aliyajua kuliko mimi. Nilichoogopa ni kimoja tu: hapa Kigali tunapita kulia, kule wanapita kushoto, na mazoea yana taabu.

Nikamwambia tumeshavuka. Akaisogeza glasi kushoto, vizuri kabisa, huku akiniita polisi wa Biryogo, mtaa wetu. Alipoukaribia mzunguko wa sahani, ambao yeye huuita ronpwe, nikakisukuma kiberiti kutoka kulia kwake. Hakusimama. Kiberiti kikaigonga glasi, chai ikammwagikia mapajani, ndipo akaruka.

Nilidhani ananitania, mzee huyo kwa utani hana dogo. Alipoinama kujifuta, nikapunga mkono karibu na sikio lake la kulia. Aliendelea kujifuta.

"Papa, jicho hilo linaona?"

Alikunja kitambaa kwanza, pembe kwa pembe.

"Hiyo ilizima mwaka juzi. Huku haina shida. Kwa ronpwe, magari inatoka kushoto."

"Na kulia?"

"Kulia iko Kaze."

Kaze ni binti yangu, ana miaka minane. Kila asubuhi babu yake alimpeleka shule, naye alikaa kiti cha mbele, cha kulia, akitangaza kila kilichopita: pikipiki, mama mwenye kapu, baiskeli ya ndizi. Nyumbani tulimwita redio. Tulicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote.

Ufunguo niliuchukua siku hiyohiyo, wala baba hakubisha. Harusini hatukwenda.

Asubuhi nilimpeleka Kaze shule kwa miguu. Alizunguka akaja kulia kwangu bila kuambiwa, akanishika mkono.

"Mama, pikipiki."

"Nimeiona, mwanangu."

Alinitazama machoni, moja baada ya jingine, kisha akaendelea kutangaza mpaka getini.