Spika Mpya ya Revocatus

Revocatus ana vidole vya malaika na adabu ya mbuzi. Akipiga kinanda, hata mawifi waliogombana hucheza pamoja. Lakini wimbo ukiisha huchomoa waya palepale, sauti ikiwa bado juu, eti anawahi sherehe nyingine. Kwetu mafundi wa sauti, waya wa chombo hauguswi, kuchomeka wala kuchomoa, mpaka fundi ashushe sauti kwenye miksa na kuinua ngumi. Revocatus hajawahi kusubiri ngumi ya mtu, sembuse ya mwanamke.

Kwenye harusi moja Mkolani alichomoa hivyohivyo. Spika yangu ikalipuka, bibi wa bwana harusi akaanguka na kiti chake. Kabla sijafungua mdomo, Revocatus alishika maikrofoni: "Tusameheane jamani. Ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke mitambo." Watu wakacheka. Msimu mzima wa harusi simu yangu haikuita, na sokoni wakaniita Mama Mlipuko. Nilimchukia mtu yule. Namchukia mpaka leo, na wala sitafuti dawa.

Ndipo jirani yangu Mama Florian, Mhaya asiyesikiliza umbea, akanipa kazi ya sauti kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Sharon kabla ya harusi, huko Buswelu.

"Paskazia, hii ikiharibika, hata mimi sitaweza kukutetea tena," akaniambia.

Na mpiga kinanda akawa nani? Revocatus. Alikuja na spika yake mpya, kubwa kama kabati, nailoni bado haijabanduliwa.

"Dada, sauti ya kinanda changu itoke humu," akasema. "Hayo makopo yako mwachie mshereheshaji."

"Sawa, kaka."

Nikafanya alivyotaka. Maikrofoni zote nilizipeleka kwenye spika zangu, kinanda chake nikakipeleka kwenye spika yake peke yake. Nilichomeka waya mmoja mmoja sauti ikiwa chini kabisa, kisha nikapandisha taratibu. Nikamwambia mbele ya Mama Florian, "Ukimaliza, usichomoe mpaka uone ngumi yangu."

"Nimeanza kazi hii wewe bado unajifunza kusonga ugali," akajibu.

Akaomba aongezewe sauti, nikamwongezea. Akaomba tena, nikampa. Alipiga vizuri, mshenzi yule, mpaka shangazi wa Sharon akavua viatu. Wimbo wa keki ulipoisha nilimwona akitazama saa, kisha akiinama. Kidole changu kilikuwa kwenye miksa, juu ya sauti yake, na kuishusha ni kufumba na kufumbua. Nilikiondoa. Nikaweka mikono yote miwili kichwani, wageni waione.

Akachomoa.

Mshindo ule ulinipa raha ambayo hata kanisani sijawahi kuipata. Spika yake ilikoroma, ikanuka mpira unaoungua, ikanyamaza. Sharon alipiga yowe, keki ikamwangukia kwenye gauni. Revocatus akaninyooshea kidole, "Ni huyu!" lakini waya ulikuwa mkononi mwake na ukumbi mzima ulikuwa unautazama. Mshereheshaji akaendelea kwa maikrofoni yangu, sauti safi kabisa, na safari hii waliyemcheka hakuwa mimi.

Mama Florian akanijia kwenye meza ya mitambo. Yeye hakucheka.

"Ungeweza kumzuia?"

"Ningeweza, mama."

"Mwanangu analia kule ndani."

"Nitakwenda kumwomba radhi Sharon," nikasema. "Sharon tu."