Kabla ya Kuinama

...au niseme tumbo, tumbo halina ubishi, mtu akisema tumbo linamsokota hakuna anayemuuliza zaidi, nanyanyuka tu hapa kwenye benchi, napita mbele ya magoti ya hawa watu wote, samahani, samahani, natoka nje kwenye baridi na basi la kurudi mjini lile pale, lakini Bodil atanikimbilia, huyu Bodil, afisa uhusiano wa onyesho la mitindo la Tove, mwenye kisemeo sikioni, hapitwi na kitu, ndiye aliyeniweka mwisho wa mstari wa mbele karibu na pazia na kunielekeza kama mtoto wa komunyo, "Mwanamitindo wa mwisho akishapita, Tove anatoka, unanyanyuka hapo hapo ulipo, unamshika mkono, mnainama pamoja, basi, rahisi kabisa, Virve," rahisi... na asubuhi ilikuwa rahisi kweli, nilikuwa hotelini na kahawa yangu na andazi la iliki, naangalia baiskeli zinavyokata kwenye theluji iliyoyeyuka, nikakumbuka nami nilivyokuwa naendesha mitaa hiyo hiyo nikiwa na miaka ishirini na nne, miaka sita nilishona mapazia kule Nørrebro kwa mzee mmoja mkorofi aliyenifundisha Kidenmaki kwa matusi, kwa hiyo Copenhagen hainitishi, haijawahi kunitisha, nilikuwa nimekaa pale kama mwenyeji, mpaka simu ikalia, Aime, mwenzangu wa meza ya kukatia, na Aime hapigi simu bure.

"Umekaa?" akauliza, nikamwambia nimekaa, nakula, akasema, "Basi acha kula. Barua ya kampuni ya Tove imefika ofisini. Kuanzia msimu ujao hakuna oda, Virve. Hata koti moja. Wanahamishia kazi kwingine," nikauliza kwingine wapi, akasema haikuandikwa wapi, nikauliza nani kaiona, "Mimi na mkurugenzi tu. Wengine sijawaambia, wameoka keki, wameburuta televisheni mpaka kantini wakutazame, Leelo kachana nywele utadhani yeye ndiye anayepanda jukwaani, sasa mimi niwaambieje?" na mimi nilibaki nimelishika lile andazi, vidole vinanata sukari, wanawake thelathini na mmoja kule karakanani kwetu Võru, nikijitoa mimi ni thelathini, na ile kamera inayoning'inia kwenye mkono mrefu wa chuma inapita tena juu ya vichwa vyetu, inateremka mstari wa mbele, kaa wima, Virve, huenda wanakuona sasa hivi, huenda Leelo anasema mwoneni, mwoneni kakunja uso...

"Mama, hawa wangekuwa manahodha wa feri, sisi Bergen tungekuwa tunaogelea kwenda kazini," anasema mzee wa kushoto kwangu, nacheka kwa adabu, ameshajitambulisha mara mbili, Terje, ana duka la nguo kule Norwe, huja kila Januari, anajua kila kitu, "Dakika thelathini na tano wamechelewa, wanadhani tukisubiri sana makoti yatapendeza zaidi," na mimi nasema ndiyo, ndiyo, lakini nasikiliza upande wa pili, nyuma ya pazia, kuna pasi ya mvuke inapumua, sauti hiyo ningeijua hata usingizini, na kuna mtu anasema vua, vua, huo mkono umekaa vibaya, na miguu yangu inataka kwenda, ndivyo ilivyo mijinga, inasikia mkono wa koti umekaa vibaya inataka kwenda kuurekebisha.

Kwa sababu ndivyo tulivyoanza, mimi na Tove, miaka kumi na moja iliyopita aliingia karakanani kwetu na koti moja ndani ya mfuko wa plastiki, msichana tu, pua nyekundu kwa baridi, viwanda vitatu vimeshamkatalia, mabega ya lile koti yalikuwa yanavuta mikunjo kama uso wa mtu anayetaka kupiga chafya, akasema naambiwa sufu hii haiwezi kukaa vizuri begani, nikamwambia inaweza, bali haipendi kulazimishwa, nikafumua mikono yote miwili, nikaipiga bandi upya kwa mkono, wikendi nzima, na Jumatatu alipolivaa akalia mbele ya kioo, akalia kweli, machozi mpaka kidevuni, akanikumbatia, mama yangu mwenyewe hakuwahi kunikumbatia hivyo, na tangu siku hiyo kila koti lenye jina lake limepita mikononi mwetu, yote, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba yale machozi yalikuwa ya uongo, hayakuwa, hilo ndilo linaloniumiza, angekuwa tapeli ingekuwa nafuu.

Na daftari... hapana, usianze na daftari, Virve, siyo sasa... daftari aliniomba mwezi wa tisa, kwa simu, sauti tamu, "Niandikie kila kitu, Virve, mkono unavyoingia, bitana inavyokaa, mvuke kiasi gani, kama vile unamfundisha mtu asiyejua lolote. Tutaliweka dukani ndani ya kioo, watu waone kwamba hizi nguo zina mikono ya watu," nami nikaandika, wiki tatu, kila mchana wenzangu wakienda kula nabaki mezani naandika, nilichora hata vidole, nilichora kidole gumba kinavyosukuma sufu ya ziada ndani ya mshono bila kuikunja, kitu ambacho sikuwahi kumwonyesha mtu kwa maneno, Leelo nilimfundisha kwa kumshika mkono, nikaandika kurasa tisini, nikalituma, na leo asubuhi, na andazi mkononi, ndipo nilipolisikia lile neno lake vizuri, mtu asiyejua lolote, mtu huyo yupo, Virve, amekaa mahali fulani, hujui nchi gani, amelifungua daftari lako na anaanza ukurasa wa kwanza, na wala hana kosa, maskini, labda naye ana watoto, ni mimi niliyemkabidhi kazi ya wenzangu kwa mwandiko mzuri.

Pazia limefunguka na ni yeye, Tove mwenyewe, pini tatu kwenye ukosi, nywele zimesimama, ananiona, anakuja, ananikumbatia nikiwa nimekaa hivyo hivyo, ananukia mvuke na wasiwasi, "Virve wangu, umefika, umelala vizuri? Mikono ya lile koti la kijivu inavuta kidogo, lakini taa zitaficha," na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Tove, barua iliyofika Võru ni ya kweli?" akaniachia, siyo ghafla, polepole, kama mtu anavyoweka chini kikombe kilichojaa, akatazama juu kilipo kidude cha kamera, akatazama wenye duka, wenye magazeti, akashusha sauti, "Nilitaka nikueleze mwenyewe, baada ya hii. Siyo mimi peke yangu ninayeamua siku hizi, unajua. Tutaongea baadaye, tafadhali, sasa hivi siwezi," nikamuuliza, "Uliniita huku ukijua?" na hapo ndipo aliponitazama, na macho yake yalikuwa yale yale ya mbele ya kioo, akasema, "Nilitaka angalau upate hii," akanibana bega akarudi ndani, angalau, nipate hii, hii ni nini, kuinama, amenipa kuinama kama wanavyompa mtu saa ya ukutani siku ya kustaafu.

"Mnafahamiana sana," anasema Terje, hakusikia neno, au amesikia anajifanya, nasema tunafahamiana, nasema tu hivyo, na moyo unapiga mpaka kwenye meno, naweza kupayuka, maikrofoni ile pale kwenye meza ya mtu wa muziki, hatua kumi, nitasema nini, na kwa lugha gani, na kesho magazeti yataandika kuna mama mmoja alifanya fujo kwenye wiki ya mitindo, na makoti yatauzwa zaidi... au nisiseme kitu, niiname, nirudi nyumbani, nani atanilaumu, nitasema nilikuwa sijui, Aime atanyamaza, Aime ni kaburi, lakini daftari, daftari litajulikana siku moja, kantini nzima itajua, afadhali wajue kwangu, simu iko wapi, iko chini ya mkoba, andika tu, Aime, ni mimi niliyempa kila kitu, niliandika daftari zima la jinsi tunavyoshona nikamtumia mwezi wa tisa, sikukuambia, nisamehe, nikautuma ujumbe kabla sijapata muda wa kuusoma tena.

Bodil anapita akipiga makofi, "Dakika kumi tena, jamani, mtuvumilie!" watu wananung'unika, msichana mmoja mstari wa pili anajipiga picha na benchi, na simu yangu inatetemeka, Aime, najua, ameandika, najua tangu mwezi wa tisa, nilikuona ukiandika kila mchana, hukuwa unakula, nilidhani unajua unachofanya, nilikukasirikia wiki mbili nzima nikakuambia ni mgongo unauma... nikakumbuka ule mgongo, nilimletea hadi dawa ya kuchua, ee Mungu wangu... halafu ujumbe wa pili, nimewaambia wote sasa hivi, barua na daftari, sikuweza kuwaangalia wakila keki, Leelo anatukana, Heljo analia, hakuna aliyezima televisheni, halafu wa tatu, wanauliza, utainama?

Na mimi, hapa nilipo, kabla ya kuwajibu wao ilibidi nijijibu mwenyewe, na jibu halikuwa zuri, nilikuwa naitaka ile nafasi ya kuinama, nilikuwa naitaka kuliko kitu chochote, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni kule Võru, mikono hivi, kichwa hivi, usiiname sana, na lile daftari sikuliandika kwa ujinga, wala kwa sababu ya sauti tamu, niliandika kwa sababu aliposema kioo nilijiona ndani ya kioo, jina langu kwenye kadi ndogo, peke yangu, kurasa tisini na sikumtaja Leelo hata mara moja, wala Aime anayekata bila kupima mara ya pili, wala Heljo, niliandika mimi, mimi, mimi nafanya hivi, Tove alinidanganya lakini alikuta mlango uko wazi... na ajabu ni kwamba nilipokwisha kuliona hilo sikuona tena haja ya tumbo, wala basi, wala maikrofoni, nitakaa tu, wakija kuniita nitakaa, Tove atoke, anyooshe mkono huku, na auone mkono wake ukirudi mtupu, na kule kantini watamwona anainama mwenyewe, aiinamie hiyo kazi peke yake kama alivyoamua, sijui kama ndivyo wanavyotaka, huenda watasema ni kidogo mno, huenda Leelo hatanisalimia tena, nitakubali, lakini siyo mkono wangu ndani ya mkono ule, siyo leo mbele yao.

Kuna upepo unaingia, mtu ameacha mlango mkubwa wazi, Terje anasema, "Hawa wanatugandisha makusudi tununue," anavuta koti lake lililokuwa limekunjwa chini ya benchi, analivaa, la bluu nzito, la miaka minne iliyopita, la kwetu, nililijua kwa bega kabla ya rangi, halafu nikaona tundu la kifungo cha pili, nyuzi zimebanana kupita kawaida, ngumu kama ukucha, hivyo ndivyo Leelo alivyokuwa anashona mwaka ule mume wake alipoondoka, tulimwambia legeza, mama, legeza, hakulegeza, na lile tundu limekaa misimu minne bila uzi hata mmoja kuchomoka, "Eti ni kweli wewe ndiye utakayesimama na Tove mwishoni?" anauliza Terje huku anafunga kifungo hicho hicho, na mimi nasema, "Hapana, bwana, mimi nakaa hapa," na taa bado zinawaka zote, pazia limefungwa, watu wanazungumza, "lakini hicho kifungo ulichoshika," namwambia, "aliyekishonea tundu anaitwa Leelo Saar," na Terje anasema, "Nani?" anainamisha sikio, na mimi namwambia tena, polepole, herufi kwa herufi.