Kuoga Juu ya Ukoka

Mwaka ule wa ukame, nyumbani kwangu hakuna aliyeruhusiwa kuoga bafuni. Tulioga mbele ya nyumba, juu ya ukoka. Nilichomeka miti minne, nikaizungushia shuka, na kila siku nikaihamisha kidogo ili kila sehemu ipate maji yake. Ukipiga mswaki, tema kwenye nyasi.

Manispaa ilikuwa imepiga marufuku mipira ya kumwagilia, na mimi ni fundi bomba, siwezi kukamatwa na mpira mkononi. Lakini nyasi za kaka yangu, ng'ambo ya ua wa michongoma, zilikuwa kijani kama kasuku. Zangu zilifanana na gunia. Kila asubuhi anasimama barazani na kikombe chake: "Mdogo wangu, hao ng'ombe wako watakula nini?"

Sina ng'ombe.

Mke wangu alichoka mapema. "Baba Pacha, jana muuza maziwa kanisalimia nina povu kichwani."

"Ulimwitikia?"

"Sikiliza. Mama anakuja Jumamosi. Ukimwambia akaoge kwenye shuka, naondoka naye. Na pacha nawabeba."

Nikajua hatanii, maana sanduku lilishashushwa kutoka juu ya kabati. Nikatafuta njia ya katikati: mama mkwe ataoga bafuni, ila amesimama ndani ya beseni, na maji nitayatoa nje mimi mwenyewe. Mke wangu alinitazama kama ninavyotazama bomba lililopasuka tena pale pale nilipoliziba.

Jumamosi mama mkwe alipitia kwanza kwa kaka kumjulia hali. Miguu ilikuwa imemvimba kwa safari, akavua viatu, akakatiza kwenye zile nyasi nzuri, akaingia sebuleni kwangu viatu mkononi. Kwenye vigae vyeupe, nyayo za kijani zikamfuata kutoka mlangoni hadi kwenye kochi.

Wote tukaziangalia. Hata yeye.

"Mkwe," akasema, "nyasi za kaka yako zinachuja rangi?"

Nilitoka mbio hadi kwenye michongoma. Kaka alikuwa ameinama na pampu ya kupulizia dawa, anapaka upya pale mama mkwe alipokanyaga.

"Kaka! Unapaka rangi?"

"Ya maji hii, haina madhara."

"Tangu lini?"

"Tangu zilipokufa. Wewe ulifikiri zinakunywa nini, umande?"

Niliporudi ndani, mke wangu alishamsimulia mama yake yote. Mama mkwe alikuwa amekumbatia mkoba wake.

"Yaani mwanangu anaoga barabarani, wewe unashindana na ndoo ya rangi?"

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nakunywa chai. Nikimaliza, ukoka uwe umeondoka, au tumeondoka sisi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeyavulia nguo za familia nzima. Nikachukua jembe. Mama mkwe akahamishia kiti barazani, sanduku la mke wangu limesimama kando yake kama mgeni mwingine. Nalima, ananywa. Nikisimama kufuta jasho, anapiga funda kubwa. Nikainama haraka. Ukoka ule ulikuwa na mizizi kama deni la ukoo. Jioni akaomba aongezewe kikombe, na hapo nikajua sanduku halisafiri.

Siku hizi pale mbele kuna kokoto, mishubiri, vichaka vya porini visivyodai maji, na majani makavu niliyotandaza kuhifadhi unyevu. Mijusi wanaota jua kwenye mawe. Nyuki na ndege chozi wanagombania maua. Kaka bado anapaka. Sisi tunaoga bafuni, mlango umefungwa. Katikati niliweka bakuli pana la udongo lenye maji, na shomoro wanaoga humo asubuhi, wanajirushia maji bila haya.

Mama mkwe alipokuja tena, aliwaona, akageuza kiti chake kikaelekea ukutani.

"Baba Pacha," akasema, "hata kama ni ndege. Wageni tunakaa hapa."

Nikacheka. Mke wangu hakucheka; alitupia jicho dirishani, kwenye sanduku juu ya kabati.

Nikaenda kutafuta ile miti minne na shuka, niwazungushie shomoro.