Ombi la Nusu Mwavuli

Katika nchi ya Utiifu, ambayo haimo katika ramani yoyote ingawa majirani zake wanaijua vizuri, ilikuwa ada na sheria kwamba kila mwenyeji akunje mwavuli wake mara tu gari la Liwali Jabari, mtawala aliyeletwa kutoka ng'ambo, lipitapo njiani. Jua liwake au mvua inyeshe, kichwa cha raia hakikuruhusiwa kufunikwa mbele ya kichwa cha mtawala. Wasomi wa nchi hiyo waliumia, tena sana, na kila mwaka walikutana katika Ukumbi wa Matumaini, wakala biriani, wakahutubiana kwa fasaha, kisha wakaandika ombi. Mwaka ule, baada ya mjadala mkali, kinara wao, Wakili Taadhima, aliomba kwa unyenyekevu wote kwamba raia waruhusiwe kukunja mwavuli nusu.

Kabla jibu halijarudi, Bi Thabiti, mkunga, akashtakiwa. Alikuwa akimkimbiza kichanga kwa tabibu katika mvua kubwa, gari likapita, naye hakukunja. Mji mzima ukahamia mahakamani. Hata wapishi waliacha vyungu motoni.

"Dada yangu, mwombe radhi Liwali urudi nyumbani," Taadhima alimnong'oneza. "La sivyo ni kifungo."

"Nimwombe radhi kwa kosa gani? Kwa mtoto kutolowa?"

"Ni neno tu, dada."

"Basi liseme wewe, umelizoea."

Watu wakacheka chinichini. Hakimu Dhihaka, naye mtu wa ng'ambo, alikuwa ameshalisoma ombi.

"Wakili, mimi si mkatili. Toka nje, pale uani, utuonyeshe hiyo nusu yenu. Ukisema inafaa, mama huyu namwachia."

Taadhima akatoka nje kwenye mvua, akashusha mwavuli nusu. Maji yakateremka kwenye mikunjo yake, yakamwingia shingoni, yakatokea viatuni. Hakimu alicheka mpaka akafuta machozi. Watu, safari hii, hawakucheka. Walitazama chini kama waliolowa wote.

"Haya, inafaa?"

Taadhima alimtazama Bi Thabiti. Mama akatikisa kichwa.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "ombi hilo naliondoa."

Bi Thabiti akahukumiwa, akapelekwa kwa miguu kuelekea gereza la Adabu, askari mbele, mvua juu. Taadhima akamfuata, akamfunika kwa mwavuli wake.

"Watakufunga na wewe."

"Najua."

"Basi sogeza huku, bega langu linalowa."

Gari la Liwali likachomoza kwenye kona. Mkono wa wakili ukaanza kukunja, maana ulikuwa na mazoea ya miaka mingi. Mwavuli ukayumba, ukainama kidogo, ukabaki wazi.