Jina la Baba Mkwe

Simu iliingia saa tano asubuhi, Umutesi akiwa na mtoto kiunoni na mwiko mkononi. Ilikuwa sauti ya mashine, ikasema ana simu kutoka kwa mtu aliyeshikiliwa katika jela ya kaunti ya Pruitt, na mtu huyo anaitwa... Hapo mashine ikanyamaza ili mwenyewe ajitaje, na sauti anayoifahamu vizuri ikasema kwa aibu, "Ni miye, Baba Gasore." Kisha mashine ikaeleza kwamba laini yake haipokei simu za aina hiyo, ikamtakia siku njema, ikakata.

Mwiko ulianguka chini.

Baba Gasore ni baba mkwe wake. Alfajiri ya siku ile, Ijumaa moja ya Oktoba mwaka 2015, mzee alitoka kwake Okolona, Louisville, huko Amerika, peke yake ndani ya gari, akiwa tayari amevaa suti ya harusi, maana hakuamini kwamba suti yaweza kukaa kwenye begi na kutoka na heshima zake. Alitakiwa afike kwa Umutesi, Columbus, mtaa wa Clintonville, saa tatu, apumzike mpaka Gasore mwanawe, mume wa Umutesi, atoke kazini, kisha waende wote Tonawanda, jirani na Buffalo. Huko, kesho yake, binti yake wa mwisho Zita alikuwa anaolewa. Na Zita alishasema wazi: bila mkono wa baba kichwani, haolewi mtu. Saa tatu ilipita, saa nne ikapita, Umutesi akajiambia ni foleni. Kumbe foleni yenyewe ina milango ya chuma.

Akafungua kompyuta. Jela za mjini alizijua kidogo. Kijana mmoja wa kwaya aliwahi kushikwa hapo Columbus kwa leseni iliyokwisha muda, na watu wakamwona mtandaoni kabla mama yake hajamaliza kulia: picha, tarehe, kosa, vyote. Kaunti ya Pruitt haikuwa na makuu hayo. Tovuti yake ilikuwa na picha ya sherifu amekumbatia boga lililoshinda maonyesho, tangazo la mbwa aliyepotea, na mstari mmoja chini: orodha ya wafungwa iko ofisini, piga simu.

Akapiga. Laini ikawa na shughuli hadi mchana, ndipo akapokea mama mmoja aliyekuwa akitafuna kitu, akasema anaitwa Arlene. Umutesi Kiingereza alikimudu. Katika ukoo mzima, yeye ndiye aliyejaza fomu za kila mtu.

"Ninamtafuta baba wa mume wangu," alisema. "Amenipigia kutoka kwenu."

"Jina lake nani, binti?"

Umutesi akafungua mdomo, akaufunga.

Nisimame hapa kidogo, msije mkamwona mjinga. Katika nyanda za juu za Kivu Kusini walikotoka, mke halitaji jina la baba wa mumewe. Halitaji mbele yake, halitaji kisogoni, halitaji hata akiwa peke yake kisimani. Umutesi alikuwa ameliandika jina lile mara mia: kliniki, shuleni, kwenye karatasi za bima. Walishakubaliana nyumbani kwamba mkono hauna adabu, mdomo ndio wenye adabu. Na mimi ninayeweza kulitaja, kwa kuwa si mkwe wangu, nitamsubiri yeye kwanza.

"Alizaliwa tarehe moja Januari," alijaribu.

"Nimeuliza jina."

"Ni mzee. Mrefu. Amevaa suti."

Arlene akaacha kutafuna. "Sikiliza, binti. Siwezi kukuambia tunaye nani na hatunaye nani. Kama yupo mtu hapa ambaye vitambulisho vyake vimebaki kwenye gari, na gari limevutwa, basi jaji anataka ndugu yake apige simu amtaje kwa jina lake kamili, bila mimi kumsaidia. Jina likilingana na alilotupa mwenyewe, anakwenda zake. Lisipolingana, au lisipotajwa, jaji anaondoka saa tisa kwenda kuvua samaki, tutaonana naye Jumatatu."

"Nikikutumia kwa maandishi?"

"Kompyuta imekufa tangu Jumatano. Ninayo kalamu na masikio."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro robo. Gasore alikuwa ghalani anapanga maboksi, na huko simu hufungiwa kabatini mpaka saa tisa na nusu. Majirani wa kanisani wangesaidia nini? Kwao wote mzee ni Baba Gasore. Ukiwauliza jina lake la karatasi watakutazama kama umewauliza jina la bahari. Umutesi akapiga Tonawanda, kwa mama mkwe wake Bamurange, aliyetangulia wiki nzima kusimamia mapishi.

"Jela?" Bamurange alisema. "Juu ya nini? Ameua mutu?"

"Sijui, Mama. Banataka mutu wa familia ataje jina yake. Donc, nimefikiri mama utaje weye."

"Miye?" Sufuria ililia upande wa pili. "Myaka makumi ine niko na ule mwanaume, sijamutaja hata siku moja! Mbele Gasore azaliwe nilikuwa ninamuita 'sikia'. Leo nimutaje kwa simu, kwa polisi?"

"Basi Zita."

"Zita iko anasukwa nywele. Ukimuambia, atalia mpaka sura ivimbe. Hapana."

"Na nikitaja herufi moja moja?"

Bamurange akafikiri kwa haki kabisa. "Bon. Ule ni kumutaja tu, lakini kwa vipande. Ni mubaya kupita."

Umutesi alikuwa na hasira, na hasira yake haikujua pa kwenda. Mama mmoja ana sheria yake Pruitt, mama mwingine ana yake Tonawanda, na katikati mzee wa watu anakaa kwenye chuma na suti yake. Alimpenda mzee yule. Siku alipojifungua Séphora kwa kisu, wanaume wote wakakimbilia kusali, ni yeye aliyebaki mlangoni kwa daktari na chupa ya uji, amesimama usiku kucha kama mlinzi wa zamu.

"Mama," alisema, "sasa minataja. Mungu anisamehe, na weye unisamehe."

"Miye sijasikia kitu," Bamurange alijibu upesi, akakata.

Umutesi akamlaza mtoto, akaingia bafuni, akafunga mlango, akajifunika kitenge kichwani kana kwamba jina ni mvua. Akampigia Arlene.

"Athanasi Sebagabo," alinong'ona.

"Sema kwa nguvu, binti, ninakula."

"Athanasi Sebagabo."

"Nani?"

"Sebagabo!" Umutesi alipiga ukelele, machozi yanamtoka. "Sebagabo! Sebagabo! Sebagabo!"

Kiti kikalia, na sauti ya mwanaume, si kwenye mashine safari hii, ikasema karibu sana: "Umutesi?"

Arlene, mikono yake ikiwa na mkate, alikuwa ameiweka simu mezani kwa sauti ya wazi, na benchi ya mzee ilikuwa hatua tatu tu kutoka mezani. Alikuwa amesikia yote. Umutesi alikaa chini pale pale juu ya zulia la bafu, akatamani sakafu immeze.

"Limelingana," Arlene alisema. "Na mimi mwenyewe sitalisahau tena maishani."

Kosa lenyewe lilijulikana jioni, mzee alipofika Clintonville na suruali iliyokauka damu hadi magotini. Alitoka barabara kuu kutafuta mafuta. Kando ya uzio akaona ng'ombe amelala vibaya, anazaa, na ndama amekuja kwa miguu ya nyuma. Mzee alikuwa na miaka tisa hajagusa ng'ombe. Akavua koti, akaliweka kwenye gari, akaruka uzio. Ndama alipotoka mzima, jike, mzee alikuwa amepiga magoti kwenye tope akimwimbia sifa zake kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao, mikono myekundu hadi viwikoni, na kibarua wa shamba akawapigia polisi kwamba kuna mtu wa suti anachinja ng'ombe. Mwenye shamba aliporudi kutoka mjini na kumwona ng'ombe wake, alikwenda jela mwenyewe kumpa mzee mkono, lakini karatasi za watu zikishaanza haziishi kwa kupeana mikono.

Kuhusu jina lile hakuna aliyesema neno njia nzima hadi Buffalo. Umutesi alikaa kiti cha nyuma akitazama dirishani.

Kesho yake mzee aliweka mkono kichwani kwa Zita, akabariki, watu wakapiga vigelegele. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Jina yangu," alisema, "baliniita askari kwa barrière, pale banafunga njia. Baliniita kambini, kwa foleni ya unga. Kazini Louisville banaita kwa haut-parleur, sawa hii kipaza sauti. Kila mara ninasimama na karatasi mkononi. Tangu mama yangu afe, mutu wa nyumba yangu hajanitaja. Jana mukwe wangu amenitaja, na nilisimama nikaenda nyumbani. Sina ngombe Amerika. Ningekuwa naye, ni wake."

Umutesi alikimbilia jikoni kulia vizuri. Alimkuta Bamurange peke yake na masufuria.

"Funga mulango," Bamurange alisema. Akachungulia huku, akachungulia kule. "Niambie. Ilitoka namna gani? Mudomo haukuuma?"

"Hapana, Mama. Ilikuwa sawa na kuita mutu."

Bamurange akafuta mikono kwenye aproni. Akainama juu ya sufuria kubwa la pondu, kisamvu cha kwao, kama anaonja chumvi, na baada ya miaka arobaini akalisema jina la mumewe, taratibu, lote, ndani ya mvuke.

"Naam, mama!" mzee aliitika nyuma ya mlango, kwa sauti ya mtoto aliyeitwa kula. Alikuwa amekuja kutafuta maji ya kunywa.

Bamurange alishika ukingo wa meza. Akajiziba mdomo kwa aproni, na Umutesi hakujua kama ni kicheko au ni kilio, labda mwenyewe pia hakujua. Akamsukuma mkwewe kuelekea mlangoni kwa viganja vyote viwili.

"Sema ilikuwa weye," alinong'ona. "Weye umekwisha kuzoea."

Umutesi akapangusa uso, akafungua mlango kidogo.

"Ni miye, Baba Gasore," alisema.