Ngisi Kumi Kwenye Ndoo Moja

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu wifi yake, Daktari alitamani kaka yake angekuwa ameoa mtu mwingine.

Ngisi kumi walikuwa wamelundikwa kwenye ndoo ya plastiki, minyiri imeshikana kama nguo zinazosubiri kufuliwa. Kando ya sinki, chupa zao za kioo ziling'aa. Kila moja ilikuwa imebandikwa karatasi mpya kwa nje, namba moja hadi kumi, mwandiko mzuri kabisa.

"Vikaratasi vilivyokuwa ndani ya chupa viko wapi?" Daktari alimuuliza.

"Vile vilivyolowa? Nimetupa, wifi. Gari la taka limeshapita. Vilikuwa vinatia aibu."

Daktari alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Karatasi ya kielelezo, inayosema mnyama alivuliwa wapi, hukaa ndani ya chupa, pamoja na mnyama wake, imeandikwa kwa penseli, maana spiriti hula wino na ya nje hubanduka. Stoo nzima ya chuo ilijua hivyo, isipokuwa huyu mwenye miezi mitatu kazini, ambaye Daktari mwenyewe alimpigania apate nafasi. Sasa hata kumfokea ilikuwa shida. Kabla ya jioni simu zingeshazunguka ukoo mzima.

Tisa kati ya ngisi wale walivuliwa bahari ya kaskazini, inakojulikana kwamba aina hiyo huishi. Mmoja alinaswa kusini kabisa, mita elfu moja chini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona. Kwa miaka minane Daktari alikuwa akidai kwamba kusini nako kuna ngisi, tena wa aina nyingine, isiyo na jina bado, na wenzake walikuwa wakimcheka. Jibu lilikuwa kwenye taa zao, vile viungo vidogo vitoavyo mwanga, vilivyopangwa mstari chini ya jicho. Wa kaskazini wana tano kila upande.

"Nikuletee chai, wifi?"

"Usilete kitu. Usiguse kitu. Kaa hapo!"

Akamweka wa kwanza chini ya hadubini, akafunua kope kwa kibano. Tano. Wa pili, tano. Shingo ikamuuma, spiriti ikamchoma macho, na nyuma yake wifi akawa anavuta kamasi kila baada ya dakika. Wa saba alikuwa na sita. Daktari akamgeuza upande wa pili. Sita. Waliobaki wote wakawa na tano.

"Si ndiye huyo wako!" wifi alirukaruka.

Kelele zile zikamleta Mkuu wa idara. Akaelezwa yote, akachungulia, akapiga makofi. "Mambo yamekwisha. Andika kusini, tupeleke makala."

"Nitajuaje kuwa ndiye wa kusini?"

"Ana taa sita."

"Na nitajuaje kuwa wa kusini wana sita?"

"Si huyo hapo!"

"Mungu wangu! Huenda ni wa kaskazini aliyezaliwa na moja ya ziada, kama mtu mwenye vidole sita! Nikiandika kusini, nimejitungia ushahidi wangu mwenyewe."

"Nani atajua?" Mkuu akauliza, akaenda zake kwenye kikao.

Daktari alikata karatasi, akachonga penseli mpaka ncha ikavunjika, akachonga tena. Aliandika: ngisi mmoja, taa sita chini ya kila jicho. Akafika kwenye mstari wa mahali alipovuliwa. Akaandika: hapajulikani. Machozi yalimtoka kwa hasira, akayafuta kwa kiwiko.

"Wifi, nisamehe," mke wa kaka yake alisema taratibu. "Lakini si ulihesabu taa za yule wa kusini alipoletwa? Angalia tu kwenye daftari lako, alikuwa na ngapi."

Daktari alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akageuka, akaitazama rafu. Ngisi yule alikaa rafuni miaka miwili, hatua nne kutoka mezani pake. Alisubiri hadubini mpya, ikaja. Akasubiri mitihani iishe, ikaisha. Kila Jumatatu alisema ni wiki hii.

"Sikuzihesabu," alisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, wifi."