Kopo la Jivu

Bwana Jecha, mkubwa wa ofisi ya mtaa aliyekuja kupekua nyumba, alitia mkono wake mzima ndani ya kopo, mpaka kwenye kifundo, akautoa umejaa jivu na punje za kijani zilizokunjamana. Akazipuliza. Jivu likamrukia Bi Mwatum usoni, naye hakuthubutu hata kujifuta.

"Hizi nini?"

"Mbegu, bwana."

"Mbegu, zaidi ya kibaba? Na zimezikwa jivuni?"

Swali lile halikuwa la mzaha. Ilikuwa Februari ya mwaka wa sabini na moja, mwaka ambao watu wa mjini walijifunza kupanga foleni ya mchele kama wanavyopanga safu msikitini, na ambao kopo lolote lenye kifuniko lilikuwa na maelezo ya kutoa. Ilikuwa imepigwa mbiu: mwenye kuficha chakula atachukuliwa. Na waliochukuliwa walionekana. Bwana Shamsi, wa nyumba ya tatu kutoka hapo, alikutwa na gunia mbili za sukari chini ya kitanda mwezi wa Disemba. Mkewe bado alikuwa akimpelekea chakula asichojua kama kinamfikia.

Bi Mwatum alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, akikaa Mkunazini katika vyumba viwili vya chini vya nyumba kubwa ambayo wenyewe walishaondoka. Alikaa na mwanawe Usi, aliyekuwa kibarua wa majengo ya Michenzani, na mke wa Usi, Biasha, msichana wa Nungwi mwenye mimba ya miezi sita. Nyuma ya vyumba hivyo kulikuwa na ua wenye ukuta mrefu. Na katika ua huo Bi Mwatum alikuwa akifanya jambo ambalo kila mtu alimwambia haliwezekani.

Alikuwa akiotesha njegere za Kichina, zile zinazoliwa pamoja na maganda yake kabla punje hazijavimba. Mbegu alipewa na daktari wa kike wa Kichina ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo. Siku ya kuagana yule mama alimtilia punje ishirini kiganjani, akamfumba vidole. Mwaka wa kwanza joto liliua yote ila miche sita. Bi Mwatum hakula hata ganda moja la miche hiyo. Aliyaacha yakauke juu ya mti mpaka yakawa yanalia yakitikiswa, akayapukuchua, akatia punje jivuni kungoja kipupwe kingine. Hivyo kwa miaka mitatu, kila mwaka akichagua ile miche mikaidi iliyokataa kufa. Sasa alikuwa na mbegu zilizokwisha kuizoea Unguja, na hazikuwepo pengine popote kisiwani. Alikuwa na jeuri nazo, tuseme kweli. Alizisifu kuliko alivyomsifu mwanawe.

Jeuri hiyo yote ilimtoka siku ile mbele ya Bwana Jecha.

"Mwanamke anasema mbegu," Bwana Jecha alimwambia mwenzake, kijana aitwaye Mcha, aliyekuwa akiandika katika daftari. "Haya. Mbegu huota. Mcha, chukua punje kumi, zitie udongo pale barazani kwa ofisi. Siku kumi. Zikiota, ni mbegu. Zisipoota, bibi huyu kaficha chakula, na sisi tutajua la kufanya. Andika jina lake."

Mcha akaandika. Alikuwa mtoto wa mtaa huohuo, na mama yake alikuwa akija kuomba moto kwa Bi Mwatum. Hakumtazama usoni.

Walipoondoka, Bi Mwatum alikaa chini palepale jikoni. Hofu yake ya kwanza ilikuwa jua. Njegere hazipendi kaskazi, na kaskazi ya mwaka ule ilikuwa ikichoma mpaka mawe. Alitia punje tano katika chungu kilichovunjika mdomo, akakiweka kivulini kando ya mtungi, akazinyunyizia maji asubuhi na jioni. Kama zangu zitaota, alijisemea, na za ofisini zitaota.

Siku ya tatu hakuna kitu. Siku ya nne hakuna. Usiku alilala macho wazi akihesabu hatua za wapita njia, na kila viatu vilipopunguza mwendo mbele ya mlango wao, moyo wake ulisimama navyo. Alifikiri kukimbilia Uroa kwa dada yake. Lakini wakimkosa yeye wangemchukua Usi, na Biasha angezaa mume hayupo.

Siku ya tano alishindwa kuvumilia, akafukua. Punje zilikuwa tepetepe. Zilinuka. Hazikuwa zimechipua zikafa kwa joto. Zilikuwa zimekufa kabla hata hajazitia udongoni.

"Biasha!"

"Naam, mama."

"Kopo langu nani kaligusa?"

Biasha aliweka ungo chini. Hakuwa mwongo msichana yule, na laiti angekuwa mwongo siku ile angemwacha mkwewe na matumaini japo ya siku mbili.

"Mwezi ule ulipokwenda msibani Makunduchi, nliona fukusi wawili juu ya kifuniko. Nkaogopa zitaliwa zote. Nkazichovya maji ya moto, nkazianika, nkazirudisha jivuni. Ndivyo mama anavyofanya kunde zetu Nungwi. Mwaka mzima haziingii mdudu."

"Kunde za kula, Biasha?"

"Za kula, mama."

"Na za kupanda?"

Biasha akakumbuka sasa. Za kupanda mama yake alizitundika juu ya moshi, na maji hazikuona. Akaanza kulia. Bi Mwatum alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, akashindwa yote mawili kwa woga. Njegere zake zilikuwa zimekufa, miaka mitatu imekufa, na hakupata hata nafasi ya kuzililia, kwa kuwa siku tano mbele yeye ndiye angefuata.

Hakumwambia Usi. Usi angekwenda kugombana, na wakati ule mtu hakugombana. Siku ya kumi alioga, akavaa kanga mpya na buibui, akamwonyesha Biasha vilipo vitambaa vya mtoto, akaenda ofisini kwa miguu yake. Njiani alisalimiwa na watu watatu na hakumjibu hata mmoja.

Mcha alikuwa peke yake barazani, jasho linamtiririka. Mbele yake kulikuwa na debe la udongo, na ndani ya debe miche kumi imesimama.

"Shikamoo, Bi Mwatum," alinong'ona. "Zako zilioza. Siku ya nne nlifukua, nkaona. Na jina lako nshaliandika, mimi kwa mkono wangu. Nkamwambia mama, akanipa za kwake nkapanda. Sema ndizo. Nakuomba, sema ndizo, maana sasa hili letu sote."

Bi Mwatum akainama juu ya debe. Zilikuwa kunde. Mjinga yule alikuwa amepanda kunde! Mche wa njegere hutoka mwembamba, na vijani vidogo, na vikamba vya kujishikia. Hii ilikuwa imekunjua majani mawili mapana, ya kung'aa, majani yanayopikwa kwa nazi katika kila nyumba ya kisiwa hiki. Mtoto wa miaka minne angeyajua.

Bwana Jecha akatoka ndani. Alisimama mbele ya debe kwa muda ambao Bi Mwatum aliweza kusoma Kul-huwallahu mara tatu. Akachuma jani, akalitia mdomoni, akatafuna polepole.

"Mimi mtoto wa shamba," alisema. "Ningeulizwa, ningesema hizi kunde."

Mcha alidondosha kalamu. Hakuna aliyeiokota.

"Lakini mwenye mbegu ni wewe. Hizi ndizo njegere zako za Kichina?"

Bi Mwatum alimtazama. Alitafuta katika uso ule huruma, akatafuta mtego, na vyote viwili vilifanana. Akikana, Mcha amekwisha na yeye amekwisha. Akikiri, amemdanganya mkubwa mbele ya daftari lake, na mkubwa anajua.

"Ndizo, bwana," alisema. Sauti ilitoka ya mtu mwingine.

"Basi Mcha andika, zimeota." Bwana Jecha akatema lile jani pembeni. "Kipupwe ntakuja uani kwako, bibi, unionyeshe maua yake."

Akarudi ndani. Alikuwa akitania au akitishia, Bi Mwatum hakujua, na asingejua hata angeishi miaka mia.

Alipofika nyumbani alifunga mlango kwa komeo mchana kweupe. Akamwaga lile kopo lote katika ungo, akapeta jivu, akabandika sufuria. Biasha alisimama kando, mkono juu ya tumbo.

"Si mbegu tena," Bi Mwatum alimwambia. "Ni chakula. Na chakula tumekatazwa kukiweka."

Zilichemka mpaka alasiri. Wakala wawili, juu ya mkeka mmoja, bila nazi. Kwa miaka mitatu Bi Mwatum hakuwahi kuonja punje hata moja iliyokomaa, na sasa alishangaa zilivyokuwa tamu. Biasha aliposema ameshiba, alimsukumia sahani.

"Kula, mwanangu. Isibaki hata moja."

Akaendelea kutafuna, sikio lake likiwa mlangoni.